Landrova ya Baba Iliyolala Miaka Mitatu

Leo nimeaibika mchana kweupe, mbele ya mgeni na mbele ya wazee tisa wenye presha. Nawaandikia nikiwa bado na vumbi puani. Kama una kazi, kafanye kwanza. Kama huna, kaa, lakini usinicheke kabla sijamaliza.

Wanaonifahamu wanajua: mimi ni Skolastika, mwalimu wa hesabu hapa Songea, naishi Mjimwema na baba yangu, Mzee Gaudensi. Baba ni dereva mstaafu, ana miaka sabini na sita. Ana Landrova ndefu ya zamani, ya kijani, yenye vioo vya kusukuma pembeni, ile ambayo watu wazima wakiiona wanasimama na kutikisa kichwa. Amekuwa nayo tangu mimi sijazaliwa.

Sasa, miaka mitatu iliyopita nikasikia magari ya namna ile yamegeuka dhahabu. Wenye uwezo wanayanunua, wanayafungia ndani, na kadiri yanavyokaa bila kutembea ndivyo thamani inavyopanda. Nikamwambia: "Baba, hili si gari tena. Hiki ni kitega uchumi."

Akaniangalia. "Kinakwenda wapi?"

"Hakiendi popote. Ndiyo maana yake!"

"Basi hiyo ni maiti," akasema baba. "Gari lisipotembea linakufa, Skola. Mipira inakauka, breki zinashika, panya wanahamia. Mimi nimeendesha miaka arobaini, leo unanifundisha gari?"

Sikumsikiliza. (Wanafunzi wangu wananiita Redio, eti nasema tu, sisikii. Wanadhani sijui.) Nikanunua turubai. Nikachukua ufunguo, nikaufungia kwenye sanduku langu. Halafu kila Jumapili baada ya misa nikawa nafunua turubai, nasoma namba za spidomita, naandika kwenye daftari, natia saini. Miaka mitatu, namba ile ile! Nilikuwa najisikia fahari mpaka nikalipeleka daftari ofisini kuwaonyesha walimu wenzangu.

Tatizo ni paa. Paa la baba limeoza upande wa chumbani kwake, na mvua hizo zinakuja. Msimu uliopita alilala na beseni kitandani, mzee wa watu! Nikasema basi, muda wa kitega uchumi umefika. Nikaweka picha za Landrova mtandaoni. Akajitokeza Bwana Rashidi wa Dar es Salaam, mwenye magari ya kale kumi na moja, mtu mpole, anayeongea taratibu. Sharti lake lilikuwa moja tu.

"Mwalimu, mimi nanunua gari lililopumzika. Nikigundua limekuwa likitembea, nageuza."

Nikamwapia. Nikapiga picha kurasa zote za daftari, nikamtumia. Akapanda basi. Kwa hiyo muelewe: paa la baba lilikuwa limeshikiliwa na neno langu.

Nilipomwambia baba kwamba mgeni anakuja Jumatano saa tatu asubuhi, aliweka kikombe chini. "Mwambie aje Alhamisi."

"Kwa nini?"

"Basi tu."

"Baba, mtu ameshapanda basi!"

"Jumatano si siku nzuri."

"Mbaya kwa nini?"

Akachukua kofia yake akatoka nje. Nikajua anasikitika kuachana na gari lake. Nikamwonea huruma kidogo. (Kidogo tu. Redio.)

Leo nikaomba ruhusa kwa mwalimu mkuu. Saa tatu kamili Bwana Rashidi huyo, shati jeupe limenyooka, viatu vyeupe, tochi mkononi. "Shikamoo mzee." "Marahaba, karibu baba." Mimi nikavuta turubai kwa mbwembwe, kama nafungua jengo la serikali. Mgeni akachutama, akamulika chini ya gari, akabonyeza mpira wa tairi kwa kidole.

"Mipira mizuri. Haijapasuka hata kidogo."

Baba akakohoa.

"Betri mliifanyaje miaka yote hii?"

"Tunaichaji," nikajibu haraka. (Hatujawahi. Sijui hata inachajiwa wapi.)

"Tuisikie basi."

Nikampa baba ufunguo. Akaingia, akazungusha mara moja. Vuum! Hapo hapo! Haikukohoa wala haikutoa moshi. Nikapiga makofi. Bwana Rashidi hakupiga makofi. Alisimama akiangalia injini, nyusi zimepanda.

"Imelala miaka mitatu, ikaamka kwa wito mmoja?"

"Landrova ni Landrova!" nikasema.

Akasema anataka kuisikia barabarani, kilomita chache hazina neno. Pale gesti wamemwambia ukitaka vilima na vumbi nenda upande wa Maposeni. Baba akaruka: "Hapana! Twende barabara ya Njombe. Lami safi mpaka Madaba."

"Lami hainionyeshi gari, mzee. Nataka vumbi."

"Vumbi la Maposeni ni baya. Litakuharibia shati."

"Shati litafuliwa."

Jasho likaanza kumtoka baba kwenye paji la uso. Mimi nikaona naelewa kila kitu. Nikamshika bega mbele ya mgeni, nikamwambia kwa sauti ya upole: "Baba, usiogope. Hata kama umesahau gia, zitakurudia." Hayo niliyasema kwa mdomo wangu huu.

Tukapanda. Baba usukanini, mimi katikati, mgeni dirishani. Hatujafika hata mita mia, Mama Kandida anayeuza maandazi akainuka kwenye kigoda chake. "Mzee Gaudensi, leo umechelewa!" Akaingiza mfuko dirishani, akauweka mapajani mwa baba bila hata kuulizwa, akarudi kwenye karai lake.

"Amechelewa nini?" mgeni akauliza.

"Matembezi," nikasema. "Huwa anatembea kwa miguu asubuhi. Mazoezi."

Akachungulia mfuko. "Na maandazi yote haya?"

"Baba anapenda maandazi." (Baba hana meno upande wa kulia.)

Baba akakaza macho mbele. Tunatoka mjini, trafiki akanyoosha mkono. Nikaanza kuomba kimoyomoyo, maana bima ya gari sikumbuki iliisha lini. Akasogea, akachungulia, uso ukafunguka. "Aa, ni wewe mzee! Pita, pita. Wasalimie."

"Tuwasalimie nani?" akauliza Bwana Rashidi tulipoondoka.

"Ukoo," nikasema. "Ukoo wetu ni mkubwa sana."

Akatikisa kichwa taratibu. Sikuipenda ile taratibu yake.

Tukaingia njia ya vumbi. Mbele kuna kona, huoni kitu, na kabla ya kona baba akakata kulia ghafla, akapanda ukingoni, akarudi barabarani. Nikageuka. Tulikuwa tumelipita shimo la kumeza ng'ombe.

"Mzee," akasema mgeni, "ulijuaje kuna shimo pale?"

"Njia hii nimezaliwa nayo," baba akajibu. Ndiyo mara ya kwanza kufungua mdomo tangu nyumbani.

"Ni shimo la zamani sana," nikaongezea.

"La zamani? Lina matawi yaliyowekwa kutahadharisha madereva, na majani yake bado mabichi."

 Nikamtazama baba shingoni. Shati limelowa.  Nikajiambia Skola, tulia, mtu wa Dar hajui mambo ya huku. Mara mgeni akainama mbele, akanyoosha kidole kwenye dashibodi.

"Mwalimu. Mshale hausogei."

Nikaangalia. Mshale wa mwendo umelala kwenye sifuri, na sisi tunakimbia! Nikaangalia namba za chini yake. Namba ile ile. Namba ninayoijua kuliko namba yangu ya simu. Tumetoka Mjimwema mpaka karibu na Maposeni, haijabadilika hata tarakimu moja. Yesu na Maria! Miaka mitatu natia saini kwenye spidomita ambayo haisomi! Na mimi ndiye nafundisha watoto wa watu hesabu!

"Baba," nikanong'ona. "Baba, mbona haisogei?"

"Baadaye, Skola," akasema baba. "Tafadhali."

Ndipo nikaona mbele, kando ya mashine ya kusaga, kuna benchi refu, na kwenye benchi wazee. Tisa. Wamevaa vizuri, vitenge vya kutokea, makoti, kila mmoja na kadi ya kliniki kwenye mfuko wa nailoni. Walipoiona Landrova walisimama wote kwa pamoja, kama darasa mwalimu anapoingia. Baba alifanya nini? Alikanyaga mafuta. Baba yangu mzazi, aliyenifundisha amri kumi, alijaribu kuwapita!

"Gaudensi! Gaudensi we! Unatuacha?"

Mzee mmoja mrefu akaingia katikati ya barabara, fimbo juu, akasimama. Baba akafunga breki. (Breki nzima kabisa. Hazikuwa zimeshika hata chembe.) Nilimfahamu baadaye: Mzee Lukasi, Mbena aliyehamia kutoka Madaba, mtani wa baba kufa na kupona.

"Wewe Mngoni!" akapiga kelele akigonga boneti. "Tumekukalia hapa tangu asubuhi, jua linatuchoma, halafu unatupita? Unataka tufe ili ule ubwabwa wa msiba?"

Bwana Rashidi akasema kwa upole ule ule: "Simama, mzee. Wapande."

Wakapanda, na walivyopanda ndivyo vilivyoniua. Hakuna aliyeuliza akae wapi. Kila mmoja alijua pake, kama kanisani. Mlango wetu ukafunguliwa, na bibi mmoja mnene mwenye mguu uliovimba akatutazama mimi na mgeni.

"Wanangu, shukeni. Hapo ni pangu pote, mguu wangu haukunji."

Huyo ndiye Bibi Osmunda. Tukashuka. Mnunuzi wangu wa kutoka Dar akaenda kubanwa nyuma kwenye mbao, kati ya Mzee Lukasi na mama mmoja mwenye kuku kwapani. Mimi nikakaa mwishoni kabisa, nimeshikilia chuma cha mlango wa nyuma. Maandazi yakaanza kuzungushwa. Moja moja. Mgeni naye akapewa.

Mzee Lukasi akamkagua viatu vyeupe mpaka kichwani. "Wewe ni mgeni kwenye gari letu. Presha au sukari?"

"Mimi nimekuja kununua gari."

"Gari gani?"

"Hili."

 Halafu Mzee Lukasi akawageukia wenzake: "Sukari. Imeshampanda kichwani."

Gari zima likacheka. Hata yule kuku alipiga kelele. Bwana Rashidi peke yake hakucheka, alikuwa ananiangalia mimi. Nikawa naliona paa la baba linaondoka, bati moja moja. Nikafungua mdomo nijitetee, lakini Bibi Osmunda alinitangulia. Aligeuza shingo kutoka mbele.

"Gaudensi, yule kule nyuma ndiye binti yako? Yule wa daftari?"

"Ndiye," baba akasema kwa sauti ndogo.

"Anayeandika namba kila Jumapili?" akadakia mama wa kuku.

"Na kusaini!" akasema mwingine.

Jamani! Wanajua! Mpaka saini wanaijua! Walinigeukia wote, wananitazama kwa furaha, kama watu waliosikia habari za bwana harusi muda mrefu na leo wamemwona.

"Pole mwanangu," Bibi Osmunda akaniambia, na alimaanisha. "Baba yako alishaingia uvunguni akaufungua waya wa namba, na kila Jumatano wewe ukiwa shuleni anakuja kutuchukua. Leo hawa, wiki ijayo wengine, zamu zamu. Anasema hataki uumie moyo." Akaingiza mkono kwenye mkoba wake. "Halafu Gaudensi, kijiko chako hiki, safari yetu iliyopita ulikisahau kitini. Nimekuoshea."

Nikakitambua. Kijiko changu cha seti ya wageni, chenye maua kwenye mpini, mpini umelika ubavuni. Baba amekuwa akiwasha gari kwa mpini wa kijiko changu! Vimepotea vitatu. Nimegombana na jirani kwa ajili ya vijiko hivyo mpaka hatusalimiani.

"Tangu lini?" nikauliza. 

Mzee Lukasi ndiye aliyejibu. "Tangu wiki ile ya turubai."

Tulifika hospitali, kwenye kliniki ya presha na sukari, nikiwa sina uso. Nikamsogelea Bwana Rashidi uani, nikasema naomba nieleze. Akainua mkono kunizuia, akakaa kwenye benchi na wale wazee.  Nikakaa mwisho wa benchi, nikingoja akisema anaondoka niangukie miguu yake.

Halafu muuguzi akaita: "Gaudensi!"

Nikadhani anamwita kama dereva. Baba akatoa kadi mfukoni. Kadi imechakaa, imejaa maandishi. Miaka mitatu baba anatibiwa presha na mimi naishi naye nyumba moja! Namba za gari lake nilikuwa nazijua kwa moyo, ya presha yake sikuwahi kuiuliza. Niliumia, siwafichi. Nilitamani benchi linimeze.

Muuguzi akasoma kipimo, akakunja uso, akarudia tena. Akasema kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima: "Mzee Gaudensi, wiki iliyopita ilikuwa nzuri kabisa. Leo imepanda sana. Nani kakuudhi?"

Wazee tisa wakageuka. Wote. Wakanitazama mimi. Na Bwana Rashidi naye akageuka.

"Hakuna mtu, sista," baba akasema. "Ni vile vilima tu. Nimevipanda kwa haraka."

Akanitetea! Baada ya yote! Bora angenichongea, ningejua pa kuweka hasira. Muuguzi akamwambia ameze dawa, alale kidogo, na asiguse usukani mpaka presha ishuke vizuri. "Nani mwingine ataendesha?"

"Si huyo hapo," akasema Mzee Lukasi akininyooshea fimbo. "Mwenye ufunguo."

Ndugu zangu. Hapa naombeni mnivumilie. Miaka mitatu nimeufungia ule ufunguo kwenye sanduku, nimeulinda kuliko cheti changu cha ualimu. Na sijui kuendesha. Sijui hata baiskeli.

"Sijui," nikasema.

"Hujui nini?" Bibi Osmunda akauliza.

"Kuendesha."

Mzee Lukasi alicheka mpaka ikabidi ashikwe. "Gaudensi! Nilidhani umezaa mwalimu, kumbe umezaa bwana jela!" Baba naye, kitandani kule kwenye chumba cha pili, nikamsikia anacheka. Muuguzi akaenda kumnyamazisha kwa ajili ya kipimo.

Ndipo Bwana Rashidi akainuka, akajifuta makombo ya maandazi. "Nipeni ufunguo."

Presha ya baba ilipotulia tukampandisha nyuma, na Bwana Rashidi akashika usukani. Akakiri mbele ya watu wote: yale magari yake kumi na moja yako ndani, yamefunikwa, na hajaliendesha hata moja miaka mingi. Anaogopa yatapungua thamani. Gia ya kwanza ikalia kama mbuzi. Ya pili ikagoma. Bibi Osmunda, mguu umenyooshwa, akawa anamwelekeza: "Kanyaga klachi mara mbili, baba. Usiilazimishe, ibembeleze. Eeeh! Sasa twende." Kilima cha kwanza tulipanda kwa maombi. Cha pili alipanda mwenyewe. Cha tatu alikuwa anawapigia honi watu asiowajua, shati jeupe limekuwa la udongo, na anauliza kwa nini tunarudi mapema. Kila mzee tulimfikisha mlangoni kwake.

Tulipofika Mjimwema akazima gari.  Mimi nimesimama nje.

"Mwalimu," akasema, "nilikuja kununua gari lililolala. Hili halijalala hata wiki moja. Silinunui."

"Na paa?" likanitoka. Yeye wala hakujua habari za paa.

"Paa tutachanga na kaka zako," baba akasema akishuka taratibu. "Kitanda nimeshakihamishia upande mkavu. Wewe ndiye ulikuwa na haraka."

Bwana Rashidi akatoa ufunguo. Mimi nikanyoosha mkono. Akanipita, akampa baba kwa mikono miwili. Halafu akauliza, kama mtu anayeona haya: "Mzee, Jumatano ijayo mnaondoka saa ngapi?"

"Saa moja kamili. Ukichelewa tunakuacha."

Tiketi yake ya basi ameisogeza mbele. Mnunuzi wangu! Kabaki Songea kuwa dereva wa kliniki!

Mimi nilijifungia ndani nianze kuwaandikia ninyi kabla watu wa Maposeni hawajawaandikia. Lakini sasa hivi baba ananiita uani. Nimechungulia dirishani. Amekaa kwenye Landrova, kiti cha abiria, upande wa usukani uko wazi, na anapiga kiti kile kwa kiganja akisema, "Skola, njoo. Klachi ni ile ya kushoto."

Nakwenda. Na atakayecheka, akipata presha Jumatano, mimi ndiye nitakuwa nimeshika usukani.